Kompyuta ya Fundi Thadei

Misunkumilo,
Mpanda.
12 Machi 1994

Kaka Maximilian,

Salamu kutoka huku reli inapoishia. Sisi wazima, mahindi yamebeba vizuri, na mama Cecilia anauliza kama huko Dar bado mnakula chakula au mnakula magazeti tu. Hilo ni lake, mimi simo.

Kaka, nakuandikia jambo ambalo nikiwaambia watu wa hapa wataniona nimerukwa na akili. Kwenye barua yako ya Januari ulisema kuna Mzungu mnayemtengenezea mashine za ofisi, anarudi kwao, na anauza kompyuta yake ndogo ya nyumbani. Uliandika kama mzaha. Mimi tangu siku hiyo sina raha. Umesema ni kisanduku chembamba chenye vitufe, hakina kioo chake, unakichomeka kwenye televisheni ya kawaida, na programu zake unazicheza kwenye redio kaseti kama wimbo. Sasa nisikilize. Redio kaseti ninayo. Televisheni ninayo, ile ndogo ya volti kumi na mbili aliyoniachia daktari wa misheni kwa kuwa huku hakuna matangazo ya kuonyesha. Betri ya gari ninayo, naichaji pale kwenye mashine ya kusaga. Kilichobaki ni hicho kisanduku tu.

Miaka kumi na tano natengeneza redio za watu. Nazijua mpaka zimeanza kunichosha. Kitu unachokiandikia maneno nacho kikakujibu, hicho nakitaka kabla sijazeeka. Tena Cecilia ana miaka kumi na miwili na hesabu zake zinamtisha hata mwalimu wake. Nataka akue nacho mkononi, asije akakisikia redioni tu kama sisi.

Nimemuuza ng'ombe jike niliyemweka kwa mfugaji Manyanda. Mama Cecilia amekubali, ila siku mbili hakunisemesha. Fedha anazo mhudumu wa behewa aliyekuletea barua hii. Zikizidi, wanunulie watoto sukari. Zikipungua, niambie nitajua la kufanya.

Mdogo wako,
Thadei


Dar es Salaam
2 Juni 1994

Ndugu yangu Thadei,

Fedha zilifika na zilitosha. Mzungu nilimkuta zimebaki siku tatu apande ndege. Kompyuta yako hiyo hapo, nimeifunga kwa kanga mbili za shemeji yako ndani ya boksi la sabuni, na nimemwambia mhudumu wa behewa aipakate kama mtoto.

Niliijaribu mwenyewe ofisini, ikawaka vizuri kabisa. Lakini nikuonye. Hivi ni vitu vya kudekezwa. Siku zote hizo njiani, joto la behewa unalijua, na vumbi la kutoka Tabora mpaka kwenu halina mfano. Ikifika ikakataa kuwaka, usishangae wala usinilaumu, itakuwa ni safari. Na usiifungue. Wewe nakujua, kila chenye skrubu unaona umeitwa. Hii si redio. Ukiifungua umeiua.

Maisha ya hapa yamekuwa magumu, sitaki kukuchosha nayo. Msalimie shemeji na huyo mtaalamu wako wa hesabu.

Kaka yako,
Maximilian


Misunkumilo,
Mpanda.
30 Juni 1994

Kaka,

Mzigo umefika salama. Kanga za shemeji nazirudisha, zimefuliwa. Kompyuta inafanya kazi vizuri, asante sana, Mungu akuzidishie pale ulipopunguza.

Swali dogo tu. Ulipoijaribu ofisini, iliandika nini kwenye kioo? Nataka kujua kama ni sawa na yangu.

Cecilia naye anakushukuru.

Thadei


Dar es Salaam
19 Septemba 1994

Ndugu yangu Thadei,

Kumbe inawaka! Nimefurahi, na kusema kweli nimeshangaa, kwa sababu ya ile safari niliyokuambia. Kuhusu kioo, iliandika maneno ya Kiingereza, siyakumbuki yote. Nadhani ni hayo hayo unayoyaona wewe.

Hapa ofisini nikiwaambia mdogo wangu yuko Mpanda na ana kompyuta nyumbani kwake, wananicheka. Nawaambia chekeni tu. Sasa kwa kuwa umepata chako, nami unikumbuke. Dagaa wa Ikola, wa ziwa lenu, hapa hatuwaoni, tunauziwa vumbi la dagaa. Hata nusu gunia, ukipata mtu wa kukuletea.

Umekuwa mfupi wa barua siku hizi. Au kompyuta imekumeza?

Kaka yako,
Maximilian


Misunkumilo,
Mpanda.
6 Oktoba 1996

Kaka Maximilian,

Dagaa hao, nusu gunia kama ulivyotaka, nimewafuata mwenyewe Ikola na nimehakikisha wamekauka. Unisamehe kwa ukimya wa muda mrefu. Nilikuwa na kazi moja ndefu ambayo haikuniachia nafasi ya kushika kalamu. Imenipeleka Mishamo mara nyingi, kwa rafiki yangu Polycarpe, fundi mwenzangu, Mrundi, ambaye hunitafutia vipuri kwenye mashine zilizotupwa na mashirika yaliyokuwa yakihudumia makazi yale ya wakimbizi. Nimepanda malori mpaka matuta yote ya njia ile nayajua.

Kifua kinanisumbua kidogo. Nadhani ni moshi wa mkaa na wa risasi ya kuchomea. Nimeambiwa nikapime, nitakwenda.

Leo humu ndani ni siku kubwa. Mama Cecilia amechinja kuku na si sikukuu. Sitakueleza kwa nini. Wewe jua tu kwamba mdogo wako amefurahi, na kama kuna jambo lolote lililowahi kukusumbua moyoni juu yangu, liache.

Thadei


Dar es Salaam
9 Februari 1998

Shemeji Pudensiana,
pamoja na wazee wote mlioko msibani,

Telegramu imenifikia jana, siku kumi na mbili baada ya mazishi. Thadei nilimbeba mgongoni mimi, mama akiwa shambani. Nimelia ofisini mbele ya watu na sikuona aibu. Sikujua kama kile kifua kilikuwa kimefika huko. Hakuniambia.

Mvua hizi zimeikata reli, hakuna treni ya kuja huko, na mabasi yamelala njiani. Barua hii inakuja na ndege ya misheni. Kwa hiyo msinisubiri. Wakubwa wa ukoo wamalize msiba siku iliyopangwa, na vitu vya marehemu vigawiwe kwa desturi yetu, kila ndugu apate cha kumkumbukia. Mimi nimeridhia. Nyumba na shamba ni vya shemeji na mtoto wake, asiguse mtu. Vile vyombo vyake vya kazi vigawiwe. Ile kompyuta msiigombanie, ni kopo tu, ndani hamna kitu. Hata akipewa mtoto achezee ni sawa.

Barua hii isomwe mbele ya wote.

Maximilian


Misunkumilo,
Mpanda.
3 Machi 1998

Baba mkubwa,

Shikamoo.

Mimi ni Cecilia wa Thadei. Hatujaonana tangu nina miaka sita, lakini mwandiko wangu unaujua, ndio ulioandika bahasha zote za baba. Sasa nina miaka kumi na sita, niko kidato cha pili hapa hapa mjini.

Barua yako ilisomwa siku ya kumaliza msiba. Aliisoma baba mdogo Makarius, kwa sauti ya kutangazia mpira. Alipofika kwenye maneno ya kugawa, wazee wakatoa vitu vya baba nje wakavitandaza kwenye mkeka uani. Nakueleza kilichotokea kwa sababu naamini hukukikusudia.

Baba mdogo Makarius alichukua televisheni. Mji huu hauna stesheni ya televisheni hata moja, kwa hiyo ameiweka sebuleni na kuifunika kitambaa. Shangazi Dafrosa alichukua redio kaseti na kanda zote. Mume wake akachukua betri. Kompyuta yenyewe aliichukua katibu wa kigango, ndugu yetu wa ukoo, aliona vitufe vyenye herufi akadhani ni taipureta. Ameshaniuliza mara mbili karatasi inapitishwa wapi. Nyaya zilikwenda na mtu aliyekuwa anatafuta kitu cha kufungia mbuzi.

Baba mkubwa, vile ni kitu kimoja. Mezani kwa baba vilikuwa vimeungwa, na kimoja kikitoka vingine vyote ni uchafu. Wamegawana baiskeli moja, huyu tairi, huyu usukani, huyu mnyororo, na kila mmoja amekwenda kwake akishukuru. Hawakufanya kwa ubaya. Waliona vitu vitano na wao walikuwa watano.

Nilisimama nikasema. Mzee mmoja akanijibu, "Nyie watoto wa siku hizi, tangu lini binti anasimama kikaoni kuzuia neno la mkubwa?" Neno la mkubwa ni lako. Nikakaa.

Ninachokitaka nakisema wazi. Baba alinifundisha kuandika programu. Ya kwanza tuliiandika pamoja, inakuuliza jedwali la kuzidisha, na ukikosea inaandika UMEKOSA, RUDIA. Wanafunzi wenzangu walikuwa wanakuja Jumamosi mchana, tulifika kumi na mmoja. Mwalimu wetu wa hesabu alikuja kutazama mara moja, akakaa mpaka mke wake akamtumia mtu. Nataka kuendelea. Katika mali yote ya baba naomba hicho tu.

Andika mstari mmoja: vitu vile virudishwe kwa Cecilia. Watakutii wewe. Mama anakusalimu.

Mwanao,
Cecilia


Dar es Salaam
28 Machi 1998

Mwanangu Cecilia,

Marahaba. Nimesoma barua yako na nimeona Mungu amekupa akili na ulimi vyote viwili. Sasa unisikilize kama ungemsikiliza baba yako.

Wazee wakishagawa, wamegawa. Nikiandika leo kwamba vitu virudi, Makarius atasema nimemvua nguo hadharani, na Dafrosa atakaa mwaka mzima bila kunijibu barua. Yote hayo kwa ajili ya kisanduku. Msiba umekwisha, usiufungue tena.

La pili, sipendi kudanganywa. Unaniambia habari za programu, wanafunzi kumi na mmoja, sijui mwalimu. Baba yako alikuwa mtu wa kupenda kufurahisha watu, labda aliwaonyesha video au kitu kingine mkadhani ni kompyuta. Ile mashine haiwezi kuwaka. Haiwezi hata kidogo. Niliifunga kwa mikono yangu na ninajua ilivyokuwa. Kwa hiyo hakuna ulichonyang'anywa, na hakuna cha kurudishiwa.

Soma kwa bidii uje upate hata ualimu. Mama yako mwambie namkumbuka katika sala.

Baba yako mkubwa,
Maximilian


Misunkumilo,
Mpanda.
20 Aprili 1998

Baba mkubwa,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ulivyotaka isomwe. Mwaka 1994 ulimwandikia baba kwamba uliijaribu ofisini ikawaka vizuri kabisa. Barua hiyo ninayo, baba hakutupa karatasi. Sasa unaniandikia kwamba haiwezi kuwaka, kwa kuwa unajua ilivyokuwa ulipoifunga. Mimi nimekaa mbele ya mashine hiyo zaidi ya mwaka, ikiwaka kila betri ilipokuwa na chaji. Kwa hiyo si mimi niliyedanganya.

Nikaenda kutafuta daftari la kazi la baba. Hilo halikugawiwa, hakuna aliyeona faida yake. Unajua mafundi wa redio wanavyoandika: tarehe, mwenye mali, ugonjwa, sababu, dawa, na siku ilipotoka ikiimba. Redio zote za mji huu zimo. Tarehe 27 Juni 1994 ameandika hivi: "Kompyuta. Imetoka kwa kaka. Haiwaki. Nimefungua. Transista imeungua, chipu tano za kumbukumbu zimekufa, nyingine imeng'olewa kabisa. Vumbi la ndani ni la zamani." Siku tatu baadaye alikuandikia kwamba inafanya kazi vizuri na Mungu akuzidishie. Kwenye nafasi ya sababu hakuandika kitu, ameiacha nyeupe.

Kumbe ile kazi ndefu ilikuwa hiyo. Miaka miwili na miezi mitatu. Hakuwa na umeme, chuma cha kuchomea alikipasha kwenye jiko la mkaa, anachomea mguu mmoja wa chipu, anakirudisha motoni, anachomea mwingine. Mimi ndiye niliyekuwa napepea. Nilimwuliza kwa nini haturuhusiwi kuiwasha, akasema anaiongezea nguvu kwanza, kwa kuwa baba mkubwa ametuma kitu kizuri lazima tukitunze. Polycarpe alimletea chipu kutoka Mishamo, moja leo, nyingine baada ya miezi. Kuna kurasa kumi na nne za majaribio yaliyoshindikana. Tarehe 6 Oktoba 1996 ameandika neno moja: "Inaimba."

Nilimwonyesha mama. Akasema alijua tangu wiki ilipofika, baba alimweleza na kumkataza asimwambie mtu. Na bado alikaa akatoa kuku wake siku ile.

Nina maswali mawili tu. Ile nzima, ya ng'ombe wetu, iko wapi? Na ule mstari utauandika au hutauandika?

Cecilia


Dar es Salaam
15 Mei 1998

Cecilia,

Barua hii isome peke yako, na ukimaliza uichome.

Nzima ilikuwepo. Niliinunua kwa fedha za baba yako na niliiona ikiwaka, hilo sikudanganya. Wiki hiyo hiyo mwenye nyumba alitutolea vyombo nje, mvua inanyesha, na mwanangu Heri alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa ajili ya ada. Mwenye duka mmoja alikuwa anamtafutia mwanawe kitu kama kile, akalipa papo hapo. Nilijiambia nitanunua nyingine mwezi unaofuata. Ofisini kulikuwa na mbovu ya aina hiyo hiyo, imetupwa stoo, tulikuwa tunainyofoa vipuri. Nikaifunga hiyo ili baba yako asiendelee kusubiri. Nilijua ataandika kwamba imefika imekufa, nami ningesema ni treni, na yangeishia hapo. Badala yake akaandika inafanya kazi. Ningemjibu nini? Niliona heri nisiulize zaidi. Tangu siku hiyo kila bahasha yake niliifungua nikiwa nimesimama.

Nimewaandikia wazee. Barua yao imo humu, imefungwa kwa gundi, uipeleke hivyo hivyo. Nimeagiza vitu vyote vikusanywe mara moja. Lakini vitaletwa kwangu, reli imeshafunguka. Usikasirike kabla hujanisikiliza. Vikibaki kwako, Makarius na Dafrosa watasema mtoto ameshinda wakubwa, utaishi nao vibaya. Vikija kwangu ni mkubwa wa ukoo amechukua, nani atasema neno? Tena Heri ameanza kozi ya kompyuta hapa mjini na nyumbani hana cha kufanyia mazoezi. Wewe ni binti, kesho utaolewa, na mashine itaishia ukweni kwa watu tusiowajua. Hapa itabaki ndani ya ukoo. Ukimaliza shule uje, utaikuta.

Lile daftari nalo ulipakie humo humo.

Najua utaniona mbaya. Mimi ndiye niliyebaki wa kuwaangalia.

Baba yako mkubwa,
Maximilian


Misunkumilo,
Mpanda.
14 Juni 1998

Baba mkubwa,

Barua ya wazee niliipeleka ikiwa imefungwa. Ilisomwa Jumapili baada ya misa, na Jumatatu mchana kila kitu kilikuwa uani kwetu. Mimi nimesihi tangu Februari sikupata hata waya mmoja. Wewe umeandika mistari minne.

Baba mdogo Makarius alileta televisheni begani, na kitambaa chake juu. Katibu wa kigango aliipangusa kompyuta kwanza, nadhani alifurahi kuondokana nayo. Waya mmoja umetafunwa na mbuzi, nimeuunga. Betri imerudi ikiwa haina chaji, nimeichaji. Shangazi Dafrosa alirudisha redio kaseti na kanda zote sita, na zote sita amerekodia kwaya yao. Programu za baba zilikuwa humo. Nimezisikiliza kanda zote mwanzo hadi mwisho. Sehemu moja, wimbo ukiisha kabla mwingine haujaanza, kuna sekunde chache za ule mlio wa programu, halafu wanaimba tena. Shangazi nilimwonyesha. Aliniambia alidhani kanda zimeharibika ndiyo maana zinalia vibaya, akaona azitumie kwa jambo jema. Aliomba radhi, na aliomba kwa moyo. Wewe hujafika hapo.

Siku ya kikao nilikuwa na barua yako ya siri mfukoni na daftari la baba kwapani. Nilikuwa nimeshajipanga niisome yote, neno kwa neno, na wakiuliza nirudie. Mama akanishika mkono mlangoni. Alisema, "Baba yako alilala na neno hili zaidi ya miaka mitatu ili kaka yake asiaibike. Amekufa nalo. Wewe utalitoa kwa ajili ya mashine?" Nikaingia nikakaa na wanawake, nikawasikiliza wazee wakikusifu kwamba hata ukiwa mbali unajali mali ya mdogo wako. Ujue aliyekufichia ni mama. Mimi nimemtii tu, na sijui kama nimefanya vizuri. Barua yako sikuichoma.

Jumanne niliunga kila kitu mezani kwa baba. Ikawaka. Kwa kuwa sikuwa na kanda ya kupakia, niliandika ile programu ya jedwali upya kutoka kichwani, mistari thelathini na miwili. Nikawaita wenzangu, wakaja saba. Tulijibu maswali mpaka betri ikaanza kufifia. Ukiizima inasahau yote, hilo Heri atakuwa ameshafundishwa. Nikaizima mimi mwenyewe.

Nimeifunga kwa blanketi la baba, itakufikia na mhudumu yule yule wa behewa. Kwenye banda la baba kitu hakikutoka kibovu, kwa hiyo nimeandika daftarini chini ya mwandiko wake: tarehe ya leo, mwenye mali Maximilian, imetoka ikiimba. Daftari limo. Kurasa za kompyuta nimezinakili, daftari lenyewe ni lako. Mwambie Heri chipu ya pili kutoka kushoto hulegea kukiwa na joto, aibonyeze taratibu kwa kidole gumba, asitumie bisibisi. Ikifika kwako haiwaki, usiseme ni treni. Tafuta aliyeishika mwisho.

Dar siji. Mwalimu wa hesabu amenipa daftari la miraba, naandika programu humo, kisha nazifuata mwenyewe mstari kwa mstari kwa kalamu ya risasi, mimi nikiwa ndiyo mashine. Inachukua siku nzima kufanya kazi ya dakika moja. Nikikosea sijui, kwa sababu hakuna cha kuniambia kwamba nimekosa. Nina hasira sana, baba mkubwa, na naandika hivyo ili usije ukafikiri zimekwisha kwa sababu nimekupakilia vizuri.

Mama yupo hapa ninapoandika. Nimemwuliza kama ana salamu za kukuletea, akaendelea kuchambua maharage.

Cecilia Thadei